Kabla ya Kugusa Skrubu ya Pampu

Msomaji aliyewahi kusafiri kwa barabara ya Iringa bila shaka anaijua milima ya Kitonga. Pale malori hupanda taratibu kama msafara wa siafu, kila moja likinguruma kwa gia ndogo, na nyuma ya baadhi yake hutanda moshi mweusi hata dereva anayefuata akalazimika kufunga vioo. Watu wengi huutazama moshi ule wakasema kwamba lori lile lina nguvu, linakula mafuta ya kutosha. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo. Yanakusudia pia kuipinga dhana nyingine iliyo ndugu yake, ile isemayo kwamba marekebisho ya pampu ya dizeli ni shughuli ya gereji peke yake, na kwamba mwalimu wa fizikia na wanafunzi wake hawana haja nayo.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, ingawa hakinipi sifa. Kaka yangu, mkulima na mchuuzi wa viazi wa huko Njombe, alinunua lori kuukuu la tani 7, lenye injini ya silinda 6 yenye ujazo wa karibu lita 6. Injini hiyo ilikuwa na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili nayo isukume hewa zaidi ndani ya silinda. Pampu yake ya dizeli ilikuwa ya kimekanika tupu, haina kompyuta wala waya zaidi ya ule wa kuzimia. Tangu mwanzo lori hilo lilikuwa na ila moja: likiwa na mzigo halikuweza kuondoka vizuri. Kwenye mwinuko lilijikongoja kwa gia ya kwanza, injini ikilalamika, na hata lilipochanganya mwendo halikuwa na nguvu ya malori mengine ya aina yake.

Fundi wa kwanza alilisikiliza kwa dakika chache tu, akachukua bisibisi na spana, akaizungusha skrubu iliyo nyuma ya pampu, ile ipangayo kiasi cha juu kabisa cha mafuta. Lori likapata nafuu. Moshi ulikuwa mweusi kila lilipoondoka, lakini kaka aliridhika. Likizo hiyo nilipanda naye, na kwa kuwa nilikuwa nimerejea kutoka Uswidi si muda mrefu, na shahada ya uzamivu ihusuyo mwako wa mafuta, nilifunua boneti, nikampa kaka mhadhara juu ya uwiano wa hewa na mafuta, nikaisifu kazi ya fundi. Macho yangu yalipita juu ya kijibomba chembamba cha mpira kitokacho kwenye njia ya hewa kwenda juu ya pampu. Kilikuwa kimepasuka. Sikukiona.

Baada ya miezi kadhaa dereva, kijana mwangalifu, alikiona akiwa Dar es Salaam. Akanunua kipande kipya kwa fedha kidogo, akakifunga. Lori likarudi Njombe likikimbia kama lililokombolewa utumwani, na nyumbani palikuwa na furaha. Safari ya pili, likiwa limesheheni saruji, lilipokuwa likipanda Kitonga mchana wa jua kali, pistoni ya silinda ya nne iliyeyuka kichwani. Vipande vyake viliharibu silinda, vikaingia na kwenye tabo. Kaka aliuza shamba la miti kulipia injini nyingine, na mwaka ule ada ya wanawe wawili ililipwa kwa mkopo.

Pampu ilipelekwa kwa mzee mmoja wa Makambako, fundi wa pampu na nozeli, ambaye ana mashine ya kupimia. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi kama mwanafunzi. Alipomaliza kupima aliniambia, "Mwalimu, hapa palikuwa na makosa mawili yaliyokuwa yameshikana mikono. Dereva wenu kaliondoa moja, nalo lilikuwa jema kuliondoa. Hili la pili likabaki peke yake." Sikuwahi kusikia maelezo bora zaidi ya hayo katika semina yoyote niliyohudhuria.

Ili msomaji ayaelewe, hana budi kwanza kujua tofauti moja kubwa baina ya injini ya petroli ya kawaida na ya dizeli. Katika injini ya petroli, dereva akikanyaga pedeli hufungua mlango wa hewa, na mafuta huifuata hewa. Katika injini ya dizeli hewa huingia bila kizuizi, kadiri silinda inavyoweza kuvuta au tabo inavyoweza kusukuma, na pedeli huongoza mafuta peke yake. Kwa hiyo injini ya petroli hailetewi mafuta mengi kupita hewa yake isipokuwa imeharibika, bali ya dizeli inaweza kuletewa wakati wowote iwapo pampu haikuzuiwa. Ni kizuizi hicho tunachokizungumzia tunaposema kurekebisha mafuta ya mwendo wa chini.

Na tuhesabu kidogo. Kila silinda ya injini ile ina ujazo wa karibu lita 1. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, na tabo haijaamka, silinda moja huvuta takriban gramu 1 ya hewa kwa kila pumzi. Kuunguza gramu 1 ya dizeli yote kwa ukamilifu huhitaji takriban gramu 14.5 za hewa. Lakini kwa kuwa muda ni mfupi mno na matone hayachanganyiki sawasawa na hewa, moshi mweusi huanza kuonekana mapema zaidi. Tuchukue uwiano wa 20 kwa 1. Basi mafuta yanayoruhusiwa ni gramu 0.05, ambayo ni kama milimita za ujazo 60. Kijiko kimoja cha chai kingetosha mapigo 80 na zaidi. Pampu hulazimika kukipima kipimo hicho mara 50 kwa sekunde, ikikigawa kwa silinda 6 kwa zamu, na kila mara mafuta hayo hupulizwa kwa muda wa kama elfu nne za sekunde. Haya yote hufanywa na vyuma na springi. Rudolf Diesel mwenyewe, injini yake ilipofaulu huko Augsburg mwaka 1897, aliyapuliza mafuta kwa hewa iliyogandamizwa kwa mtambo mkubwa usioweza kubebwa na gari. Ilikuwa mwaka 1927 ambapo karakana za Robert Bosch huko Stuttgart zilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kutosha kufungwa kwenye lori.

Pampu ya lori la kaka ni ya aina ya mgawanyo, yenye plenja moja. Plenja hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzunguka ili kuzigawia silinda zamu zao, na husukumwa mbele ili kuyagandamiza mafuta. Ubavuni ina tundu la kumwagia, na juu ya tundu imevishwa kola, yaani pete ya chuma inayoteleza. Plenja inaposonga, mafuta huenda kwenye nozeli mpaka tundu lichomoze nje ya kola. Hapo kanieneo hushuka ghafla, nozeli hujifunga, na mafuta yaliyosalia humwagika ndani ya pampu. Kola ikisogea upande mmoja tundu huchelewa kuchomoza na kipimo huwa kikubwa; ikisogea upande wa pili huwahi na kipimo huwa kidogo. Ufundi wote uliobaki ni swali la nani anaisogeza kola hiyo.

Dereva huisogeza kwa pedeli kupitia springi. Gavana huipinga kwa vyuma vinavyozunguka na kutanuka. Mwanafunzi wa kidato cha tano anajua kwamba kani ya vyuma hivyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mizunguko ikitoka 700 hadi 2,800, mwendo umekuwa mara 4, bali kani imekuwa mara 16. Ndiyo maana katika mwendo wa chini gavana ni dhaifu kama mtoto, na uchafu kidogo tu au pini iliyokwama huifanya injini ipande na kushuka yenyewe. Ndiyo maana pia springi ya mwendo wa chini ni nyembamba na ya kipekee. Nimewahi kuona mahali fulani imebadilishwa ikawekwa springi ya kalamu, na lori lilitembea hivyo hivyo. Sitoi ushauri huo.

Mtu wa tatu anayeisogeza kola ndiye aliyehusika na msiba wetu. Juu ya pampu kuna kikombe chenye kiwambo cha mpira. Hewa iliyosukumwa na tabo huja kwa kile kijibomba, ikakikandamiza kiwambo dhidi ya springi. Kiwambo hushusha pini yenye umbo la koni. Kidole cha chuma kinachoegemea koni husogea, na kola hupata ruhusa ya kutoa mafuta zaidi. Kwa maneno mengine, pampu hainyanyui kipimo mpaka ipate habari kwamba hewa imefika. Tuseme kiwambo kina nusukipenyo cha sentimita 3. Hewa ya tabo ikizidi ya nje kwa kilopaskali 70, kiwambo husukumwa kwa kani ya karibu nyutoni 200, kama uzito wa mfuko wa unga wa kilo 20. Kijibomba kikivuja, na hewa inayofika ikawa ya kilopaskali 40 tu, mfuko huo umekuwa wa kilo 11 na kitu. Springi haibonyei inavyopaswa, koni haishuki, mafuta hayaongezwi. Na kwa kuwa mafuta ni machache, moshi unaozungusha tabo hauna nguvu, kwa hiyo tabo nayo huchelewa kuamka, na habari inayofika pampuni huzidi kuwa dhaifu.

Sasa makosa mawili ya mzee wa Makambako yanaonekana wazi. Fundi wa kwanza alilikuta lori lisilopata ruhusa ya koni, naye, badala ya kutafuta ruhusa imezuiwa wapi, aliinua kipimo chote kwa skrubu ya nyuma. Skrubu hiyo haichagui. Haiongezi mafuta ya mwendo wa chini peke yake. Huongeza ya chini, ya kati na ya juu. Kijibomba kilichovuja kiliendelea kuyapunguza mafuta hayo, na tofauti ya jumla ikaonekana kuwa ndogo. Dereva alipokiziba, koni ikashuka mpaka mwisho, ikaongeza ruhusa yake kamili juu ya ile ya skrubu. Kilimani, kwa dakika nyingi mfululizo, mafuta yalikuwa mengi kuliko hewa, hewa ya ziada ambayo huupooza mwako haikuwapo, na mwako ukaendelea mpaka pistoni ikiwa imekwisha kushuka. Pistoni hizo ni za aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Gesi zinazowaka juu yake hupita nyuzi 2,000. Pistoni husalimika kwa sababu tu ya oili inayoipooza chini na pumzi ya hewa safi inayoipooza juu.

Kuna watu watakaosema kwamba lori lenye uvivu wa kuondoka halina budi kuongezwa mafuta. Nakubali, lakini naomba yaongezwe mahali pake. Kikombe cha kiwambo kina marekebisho yake: nati yenye meno inayokaza au kulegeza springi, skrubu ya juu inayoweka mahali pa kuanzia pa pini, na pini yenyewe, ambayo koni yake haikuchongwa katikati barabara, hivi kwamba ukiizungusha kidole hukutana na mteremko mkali zaidi au wa pole zaidi. Springi ikilegezwa kidogo, mafuta huja mapema, tabo huamka mapema, na mwendo wa juu haubadiliki hata chembe, kwa kuwa kule mwisho koni imekwisha kushuka yote kwa vyovyote. Hayo ndiyo marekebisho ya mwendo wa chini. Skrubu ya nyuma ni ya mwisho kuguswa, nayo iguswe kwa robo ya mzunguko au pungufu, baada ya kuwekewa alama ya rangi ili mtu aweze kurudi alikotoka.

Hata hayo hayafai kabla ya uchunguzi. Mzee yule aliniambia kwamba yeye huanza na chujio la hewa, kisha mpira wa kiwambo na kiwambo chenyewe, kisha chujio la dizeli na pampu ndogo inayovuta mafuta tangini, kisha nafasi za valvu, kisha nozeli, na ndipo afikirie bisibisi. Mwenye kwenda kwa mpangilio huo, alisema, mara nyingi haifikii skrubu. Mimi naiona hiyo kuwa ndiyo njia ya kisayansi hasa, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kupima kabla na baada, na inanisikitisha kwamba tunaifundisha kwa kuwakaririsha vijana hatua zake ubaoni, huku mtu aliyeishi nayo miaka arobaini tukimwita fundi wa mtaani.

Liko jambo lingine ambalo pampu za nchi yetu zinakutana nalo kila siku, nalo ni mwinuko. Njombe iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Ile gramu 1 ya hewa ya Dar es Salaam huwa gramu 0.8, ingawa baridi ya nyanda za juu hurudisha sehemu ndogo. Kwa hiyo kipimo halali cha mafuta kabla tabo haijaamka hushuka kutoka milimita za ujazo 60 hadi 48. Lakini kiwambo hakijui habari hiyo: upande wake mmoja kina hewa ya tabo, upande wa pili kina hewa ya nje, nacho hupima tofauti tu. Pampu iliyopangwa Kurasini isitoe moshi itatoa moshi Makete. Iliyopangwa Makete itakuwa mvivu Kurasini. Zipo pampu zilizotiwa kikopo cha kupima hewa ya nje yenyewe, lakini malori mengi yaliyoletwa kwetu hayana. Mwenye lori la masafa hana budi kuchagua, na maoni yangu ni kwamba achague ya mlimani, maana uvivu wa pwani hauui injini.

Uchakavu nao husingiziwa sana skrubu. Plenja na ala yake zimesuguliwa kwa usahihi unaohesabiwa kwa elfu za milimita, na dizeli yenyewe ndiyo oili yake. Mafuta yakiwa na maji, vumbi, au yakichanganywa na mafuta ya taa, ambayo ni mepesi na hayalainishi vyema, plenja hulika. Ikishalika huvuja, na huvuja zaidi katika mwendo wa chini, kwa sababu kila msukumo huchukua muda mrefu zaidi na mafuta hupata nafasi ya kutoroka. Lori la namna hiyo huwaka vizuri asubuhi na kukataa kuwaka adhuhuri, mafuta yakiwa moto na mepesi. Ukilikazia skrubu umelipa deni kwa kukopa. Uchanganyaji huo ulikuwa umeenea mno nchini, hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili kuutambua.

Na moshi ule si wa mwenye lori peke yake. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni mama wauza mahindi ya kuchoma kwenye vituo vya kupandia milima, na utingo anayekimbia nyuma ya gurudumu na kigingi mkononi.

Nimeambiwa na wenzangu wawili kwamba nimechelewa, kwamba pampu hizi ni za makumbusho, kwa kuwa injini za siku hizi hupimiwa mafuta na kompyuta. Ni kweli kwa magari mapya. Lakini lori halitupwi kwetu kwa sababu limezeeka, na viazi vinavyoliwa mijini bado hubebwa kwa sehemu na pampu za aina hii. Isitoshe, kompyuta ile nayo hupewa habari na kipimahewa, na kipimahewa nacho huweza kusema uongo kama kijibomba kilichopasuka.

Walimu wenzangu wanaweza kuanza bila lori. Wachukue mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, la mililita 20 na la 10, wayaunganishe kwa mpira mwembamba na kuweka jiwe dogo juu ya bastola ya la pili. Wasukume la kwanza, wapime jiwe limenyanyuka kiasi gani. Kisha wautoboe mpira kwa pini na kurudia, wakisukuma polepole, na tena kwa haraka. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba tundu lile lile huiba zaidi mwendo ukiwa mdogo. Mwalimu aliye karibu na gereji naomba asogee hatua moja mbele, amwalike fundi wa pampu aje darasani na pampu iliyokufa, aifungue mezani. Wanafunzi wetu wa sekondari husoma fizikia kwa Kiingereza, na wengi hudhani kwamba fizikia haiwezi kusemwa kwa lugha nyingine. Wamsikie mtu akisema "injini inakosa pumzi", kisha waulizwe pumzi hiyo ni gramu ngapi.

Lori la kaka linafanya kazi mpaka leo, kwa injini nyingine na pampu ile ile. Mzee wa Makambako aliirudisha skrubu ya nyuma mahali pake, akatia kiwambo kipya, akalegeza springi kwa meno matatu, kisha akachora mstari wa rangi nyeupe juu ya nati. Kaka amekwisha kuwafukuza mafundi wawili waliotaka kuugusa mstari huo.